Mninga: Mti Ukuao Chini Kabla ya Kukua Juu

Ndugu wasomaji, katika somo la mwezi huu twapenda kueleza habari za mti mmoja ambao wengi wetu huutumia kila siku, walakini wachache ndio waujuao. Mti huo ni mninga. Yamkini mlango wa nyumba yako umetengenezwa kwa mbao zake, au kitanda ulalacho, au benchi ukaliayo kanisani. Mtu akiulizwa, "Mbao hizi ni za mti gani?" hujibu mara moja, "Ni mninga." Lakini akiulizwa, "Mninga mchanga hufananaje? Huota mahali gani? Hupita miaka mingapi hata ukafaa kupasuliwa?" hunyamaza. Basi tumeona vema kuyaeleza mambo hayo kwa utaratibu, hasa kwa ajili ya ndugu zetu wa Mwese na wa nchi yote ya Mpanda. Maana wao hukaa kati ya mininga, na kudumu kwa mti huo au kuangamia kwake kumo mikononi mwao. Makatekista na walimu waweza kulitumia somo hili pamoja na watoto wakubwa na vijana. Mwisho wake tumeweka maswali.

1. Nchi ya Mwese na misitu yake

Mwese ni nchi ya milima katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, upande wa magharibi wa mji wa Mpanda, kuelekea Ziwa Tanganyika. Wenyeji wa tangu zamani wa nchi hizo ni Watongwe na Wabende, watu waliozoea msitu, uwindaji na asali. Katika miaka ya 1960 wakimbizi kutoka Rwanda walipewa makao huko Mwese. Ilikuwa katika siku zizo hizo, mwaka 1964, ndipo lilipoanzishwa nchini shirika la TCRS, chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni, ili kuwasaidia wakimbizi. Mwaka 1980 serikali ya Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wa Rwanda waliokuwa wamekaa nchini muda mrefu. Baadaye wakaja na watu wa makabila mengine, wakulima na wafugaji. Hivyo Mwese ya leo ni nchi ya watu wa asili mbalimbali, nao wote hujenga, hupika na kulima katika nchi ile ile moja.

Atazamaye nchi hiyo kutoka mlimani ataona misitu ya namna mbili. Ya kwanza imo mabondeni, kandokando ya vijito. Hiyo ni misitu mizito, yenye miti mirefu isiyopukutisha majani yote kwa mara moja, na chini yake pana kivuli na unyevu hata wakati wa kiangazi. Katika misitu ya namna hii, kama ile ya milima ya Ntakata, hukaa sokwe. Ya pili imeenea miteremkoni na katika nchi tambarare. Hiyo ndiyo iitwayo miombo. Miti yake imesimama mbalimbali, jua hupenya hadi chini, nyasi huota katikati yake, na kiangazi kinapokaza majani hupukutika. Msomaji asidhani kwamba mninga ni mti wa ule msitu mzito wa mabondeni. Mninga ni mti wa miombo. Hupenda jua, hupenda udongo usiotuamisha maji, wala haustawi chini ya kivuli kizito. Jambo hili tulikumbuke, maana tutalihitaji hapo mbele.

2. Namna ya kuutambua

Wataalamu wa mimea huuita mninga kwa jina la Pterocarpus angolensis. Jina la kwanza limetoka katika lugha ya Kiyunani, maana yake ni "tunda lenye bawa". Jina la pili maana yake ni "wa Angola". Mti huu haupatikani Tanzania tu. Huota tangu Angola na Kongo hata Zambia, Malawi, Zimbabwe, Msumbiji na sehemu za kaskazini za Afrika Kusini. Watu wa Zambia na Zimbabwe huuita mukwa, na katika Afrika Kusini huitwa kiaat. Umo katika jamaa ya maharage na kunde, ingawa mtu autazamapo ulivyo mkubwa hawezi kudhani hivyo. Kama ilivyo kwa maharage, mizizi yake ina vinundu vidogo, na ndani ya vinundu hivyo hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo huurutubisha udongo.

Mninga uliokomaa huwa na urefu wa kama meta 15 hadi 20, na mahali pazuri huzidi hapo. Gome lake ni la rangi ya kijivu iliyokolea, nalo limepasukapasuka katika vipande vyenye pembe. Majani yake yamepangwa pande mbili za kikonyo kimoja. Maua yake ni ya manjano, yenye harufu nzuri, nayo huchanua mwisho wa kiangazi, karibu na mvua za kwanza, mara nyingi mti ukiwa haujavaa majani yake yote. Kwa muda mfupi mti wote huonekana wa manjano, kisha maua huanguka na kuifunika nchi chini yake.

Lakini alama iliyo dhahiri kuliko zote ni tunda. Tunda la mninga ni la mviringo kama sahani ndogo, upana wake kama sentimeta 8 hadi 15. Katikati pana sehemu nene iliyojaa miiba myembamba kama nywele ngumu, na kuizunguka pana bawa jembamba kama karatasi. Mbegu imo katikati, mara nyingi moja au mbili tu. Matunda haya hukaa mtini muda mrefu hata majani yakiwa yamekwisha kupukutika, hivyo mtoto yeyote aweza kuutambua mninga wakati wa kiangazi kwa kuinua macho yake.

Alama nyingine ni utomvu. Gome likikatwa, hutoka maji mekundu mfano wa damu, nayo hukauka na kuganda. Kwa sababu hiyo watu wa nchi nyingi wameuhesabu mninga kuwa mti wa damu, na wengine wakadhani kwamba hutibu kila ugonjwa wa damu. Habari za dawa tutazitaja baadaye.

3. Jinsi mninga unavyokua

Sasa tumefika penye jambo kubwa la somo hili, nasi twawaomba wasomaji walitie moyoni.

Tunda la mninga huanguka, au huchukuliwa na upepo mwendo usio mrefu. Ganda lake ni gumu, na matunda mengi huoza, au huliwa na wadudu, au huteketea kabla mbegu haijapata nafasi ya kuota. Katika matunda mengi mno, machache tu hutoa mche. Mche huo huota wakati wa mvua, ukatoa majani machache, ukafikia urefu wa kiganja au zaidi kidogo. Kisha mvua hukatika. Kiangazi kinapokuja, kile kikonyo hukauka na kufa. Apitaye huona kijiti kikavu tu, akasema, "Mche huu umekufa." Walakini haukufa. Chini ya ardhi mzizi ungali hai, nao umeweka akiba ya chakula. Mvua zirudipo, mzizi huchipua tena, na kiangazi kifuatacho chipukizi hilo nalo hufa. Mambo huenda hivyo mwaka baada ya mwaka, pengine miaka 10 au zaidi. Juu ya ardhi huonekana kana kwamba hakuna kinachoendelea, kumbe chini mzizi unanenepa na kwenda chini zaidi kila mwaka.

Mwisho mzizi hupata nguvu ya kutosha. Mwaka huo chipukizi halifi tena. Hupanda juu kwa haraka, likawa fito imara, na katika muda mfupi kichwa chake hupita urefu wa nyasi, yaani hupita mahali ambapo moto wa nyasi huweza kukifikia. Tangu hapo mninga huhesabiwa kuwa mti.

Hata hivyo kazi haijaisha. Kutoka hapo hadi shina linene hata kufaa kupasuliwa mbao nzuri, hupita muda mrefu sana. Miaka 80 hadi 100 si mingi kwa mti huu. Tupime jambo hili kwa mambo tunayoyajua. Reli kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi. Mninga wenye umri wa miaka 90 hivi leo ulikwisha kuchipua kabla ya chuma cha kwanza cha reli hiyo kutandikwa. Ulikuwa mti mchanga walipofika Mwese wakimbizi wa kwanza wa Rwanda. Wazee waliouona ukiwa fito wamekwisha kufariki. Mashine ya kukatia miti huuangusha kwa dakika chache.

Basi mtu aukataye mninga mkubwa havuni alichopanda yeye, wala alichopanda baba yake. Huvuna urithi wa watu wa zamani. Na akiuacha ule mche mdogo uishi, hautamfaa yeye wala mwanawe, bali mjukuu wake na mtoto wa mjukuu.

4. Mninga na moto

Kila mwaka msitu wa miombo huunguzwa. Wengine huwasha moto ili nyasi mbichi zichipue kwa ajili ya ng'ombe, wengine ili kusafisha shamba, wengine wakati wa kurina asali, na wengine kwa kutojali tu. Je, moto huudhuru mninga? Jibu ni kwamba yategemea ni moto wa wakati gani.

Mninga mkubwa una gome nene, nao huvumilia moto kuliko miti mingine mingi ya miombo. Na ule mche mdogo una akiba yake chini ya ardhi, kwa hiyo waweza kuunguzwa juu ukachipua tena. Lakini moto wa kila mwaka ulio mkali huurudisha mche nyuma daima, usipate kamwe kupita urefu wa nyasi. Hapo msitu huonekana una miti mikubwa, na chini una michipukizi, ila katikati hakuna kitu. Wale wakubwa wakikatwa, hakuna wa kushika nafasi yao.

Huko Ndola, katika nchi ya Zambia, watu wa misitu walianza mwaka 1933 kuyajaribu mambo haya. Walitenga vipande vya msitu wa miombo. Vingine walivilinda visiguswe na moto kabisa, vingine wakaviunguza mapema, nyasi zikiwa bado hazijakauka sana, na vingine wakaviunguza mwisho wa kiangazi, nyasi zikiwa kavu kabisa. Baada ya miaka mingi tofauti ilionekana wazi. Palipounguzwa mwisho wa kiangazi, miti ilipungua sana na nyasi zikatawala. Palipounguzwa mapema, msitu ulidumu. Palipolindwa kabisa, msitu ulizidi kuwa mzito. Fundisho lake ni jepesi: moto wa mwezi wa Mei au Juni huenda polepole na kwa ukali mdogo, moto wa Septemba au Oktoba ni adui. Ikiwa hapana budi kuunguza, na iwe mapema, tena kwa ruhusa na kwa utaratibu wa kijiji.

5. Matumizi yake

Kwanza ni mbao. Sehemu ya nje ya shina ni nyeupe, nayo huliwa na wadudu upesi. Seremala mwema huikata na kuitupa. Sehemu ya ndani, yaani moyo wa mti, ni ya rangi ya hudhurungi, mara nyingine yenye michirizi ya dhahabu au wekundu. Sababu iliyoufanya mninga upendwe na maseremala ni hii: mbao zake zikikauka hazisinyai sana, wala hazipindiki upesi. Mlango wa mbao nyingine hufungika vizuri wakati wa kiangazi, na mvua zikija hukwama. Mlango wa mninga hukaa sawa. Tena mbao zake si nzito mno, hupigwa randa bila taabu, hushika msumari, hung'aa zikipigwa msasa, na mchwa hawaziharibu upesi. Kwa hiyo hutumika kwa milango, madirisha, meza, makabati na vitanda. Tena watu huchonga ngoma, mitumbwi na vyombo vya nyumbani kwa mti huu. Walakini mafundi wajihadhari na vumbi lake, maana huwasha pua na kifua cha watu wengine. Afadhali kufunga kitambaa puani na kufanya kazi mahali penye upepo.

Pili ni rangi. Magome ya mizizi yake hutoa rangi nyekundu iliyoelekea hudhurungi, na watu wa zamani walitia rangi hiyo katika nguo na vikapu, au waliichanganya na mafuta wakajipaka mwilini.

Tatu ni dawa. Katika nchi nyingi watu huupaka utomvu wake juu ya choa na vidonda, na huchemsha magome kwa ajili ya tumbo la kuhara. Si jambo la kucheka, maana utomvu ule una kitu kikali chenye kukaza ngozi, ndicho kile kile kitumikacho kulainishia ngozi za wanyama. Lakini twawaonya wasomaji katika mambo mawili. La kwanza, wengine hutia utomvu huo machoni. Jicho ni kiungo chepesi kuharibika. Mwenye ugonjwa wa macho na aende zahanati, wala asijaribu. La pili, utomvu kufanana na damu si ushuhuda kwamba huongeza damu mwilini. Mtoto aliyepungukiwa na damu, au mama aliyetokwa na damu wakati wa kujifungua, apelekwe hospitali bila kukawia.

Nne ni nyuki. Maua ya mninga huwapa nyuki chakula katika majira ambapo nchi ni kavu na maua mengine ni machache. Watu wa Mwese wajua thamani ya asali, maana ni mali yao ya tangu zamani. Na mizinga mingi ya kienyeji huchongwa kwa magogo ya mninga au ya miti mingine ya miombo. Hapa tuongeze neno moja juu ya mizinga ya magome. Chini ya gome la kila mti pana ngozi laini, nayo ndiyo njia ya chakula kishukacho kutoka majanini kwenda mizizini. Mtu akilibandua gome kuuzunguka mti wote, amekata njia hiyo, na mti utakufa. Mzinga wa gome hukaa miaka michache tu, na kwa ajili yake mti mzima hupotea. Mzinga wa mbao uliotengenezwa na seremala hudumu zaidi, tena mrinaji hufungua kifuniko bila kuharibu masega yote.

6. Hatari iliyo mbele yetu

Zamani mbao za mninga zilitumika karibu na mahali zilipopasuliwa. Reli ilipofika Mpanda, na baadaye barabara zilipotengenezwa, mbao ziliweza kupelekwa Tabora, Mwanza, Dar es Salaam na kwingineko. Leo wanunuzi huja mpaka vijijini. Mwenye shida ya fedha huonyeshwa noti, naye huonyesha mti.

Jambo hili halikuwa la nchi yetu peke yake. Biashara ya miti ya jamaa ya mninga ilikua sana katika Afrika, hasa kwa ajili ya samani katika nchi za Asia. Mti uitwao mkurungu, ndugu wa mninga, ambao nao huota katika misitu ya magharibi ya Tanzania, ulikatwa kwa wingi katika nchi kadhaa. Kwa hiyo mataifa yaliyo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, uitwao CITES, yalikutana Panama mwezi wa Novemba 2022, yakakubaliana kuiweka miti yote ya jamaa hiyo iliyomo Afrika chini ya ulinzi wa mkataba. Maana yake si kwamba imekatazwa kabisa kuuzwa, bali kwamba haiwezi kupelekwa nje ya nchi bila kibali kinachoshuhudia kuwa imekatwa kwa halali, tena kwa kiasi kisichoiangamiza.

Hapa nchini ipo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Sheria hiyo imevipa vijiji haki ya kutenga misitu yao wenyewe na kuitunza kwa sheria ndogo walizozipitisha. Aukataye mti msituni bila kibali huvunja sheria; tena mara nyingi huwaibia jirani zake, kwa kuwa msitu ni mali ya kijiji kizima.

Mtu atatuuliza, "Mwatuambia tusikate, na watoto wetu watalipiwa na nini?" Hili ni swali la haki, nasi hatulipuuzi. Mzazi aliyeitwa shuleni kwa ajili ya mahitaji ya mwanawe hawezi kushiba maneno mazuri juu ya miti. Lakini sisi hatukusema mninga usikatwe kamwe. Mti uliokomaa na ukatwe, mbao zake zitumike, wala zisiachwe kuoza. Tusemalo ni hili: asikate mtu bila kuhesabu.

7. Namna ya kuhesabu

Kuhesabu kwenyewe ni kwepesi, hata kijana aweza. Tembea katika sehemu ya msitu, uigawe mininga katika daraja nne. Daraja la kwanza ni ile mikubwa iliyokomaa. La pili ni ile yenye unene wa nguzo. La tatu ni fito zilizokwisha kupita urefu wa nyasi. La nne ni michipukizi ya chini, ile ifayo kila kiangazi na kufufuka wakati wa mvua. Kila daraja likiwa na miti, na wadogo wakiwa wengi kuliko wakubwa, msitu huo ni mzima, na mkubwa mmoja waweza kuchukuliwa bila hasara. Lakini wakiwapo wakubwa na michipukizi tu, bila nguzo wala fito, jueni kwamba moto au mifugo au mashoka vimekata kizazi cha katikati. Hapo mtu akikata wakubwa, ameila mbegu. Hata shilingi azipatazo zikiwa nyingi, hataziona tena mahali pale katika maisha yake.

Tena isikatwe mikubwa yote iliyo mizuri na kuachwa ile iliyopinda tu. Mti mnyofu na wenye afya ndio ufaao kuachwa uwe mama wa mbegu, kama vile mkulima awekavyo muhindi bora kwa ajili ya kupanda, wala hauli.

Kwa habari ya kupanda, mbegu za mninga si rahisi kutolewa katika ganda, na miche yake hata kitaluni hupenda kufa juu kabla ya kuimarika chini. Kwa hiyo njia iliyo bora kwa mwanakijiji ni kuitunza ile iliyojiotea yenyewe. Alimaye shamba jipya auache mninga mchanga usimame mpakani. Akikiona kile kijiti kikavu chenye chipukizi jipya ubavuni mwake, asiking'oe kwa jembe. Aondoe nyasi kukizunguka ili moto usikifikie, akiwekee alama, na kuwaonyesha wanawe.

8. Mti uliosimama nao una thamani

Katika siku zetu imeongezeka sababu nyingine ya kuutunza msitu. Miti huvuta hewa ya ukaa, ile itokayo katika moshi wa viwanda na magari na kuzidisha joto la dunia, nayo huiweka katika shina, matawi na mizizi. Mti ukichomwa au kuoza, hewa hiyo hurudi angani. Kwa sababu hiyo wako watu na makampuni duniani walio tayari kulipa ili misitu isikatwe. Katika Wilaya ya Tanganyika vijiji vinane vilivyo karibu na milima ya Ntakata, Mwese kikiwa kimojawapo, vimeingia katika kazi hiyo pamoja na kampuni iitwayo Carbon Tanzania. Vijiji hulinda misitu yao, na fedha zipatikanazo hutumiwa katika mambo ya kijiji kama vile afya, shule na mishahara ya walinzi wa msitu.

Hii haimaanishi kwamba fedha hizo zitamaliza shida za kila nyumba. Fedha za kijiji zahitaji mkutano wenye watu wasiolala, na hesabu zisomwe hadharani, kila mtu asikie kilichoingia na kilichotoka. Lakini jambo moja limegeuka. Zamani mninga ulikuwa na bei siku ile tu ulipoanguka. Sasa una thamani ungali umesimama: kwa hewa, kwa nyuki, kwa maji ya vijito, na kwa mbegu.

Basi, ndugu, jambo la kushika katika somo hili ni moja. Mninga hukua chini miaka mingi kabla haujaonekana juu. Atazamaye juu tu atasema hakuna kitu, akakanyaga, akachoma, akalima. Ajuaye habari zake ataona msitu mzima ukingoja ndani ya ardhi, akauachia nafasi. Vijana wa Mwese wafundishwe kuitambua michipukizi hiyo kabla hawajafundishwa kushika msumeno.

Maswali ya kujifunza

1. Eleza tofauti ya msitu wa mabondeni na msitu wa miombo. Mninga ni wa msitu upi?
2. Utautambuaje mninga wakati ambapo hauna majani?
3. Kwa nini mche wa mninga huonekana umekufa kila kiangazi? Ni nini kinachoendelea chini ya ardhi?
4. Moto wa Mei na moto wa Oktoba hutofautianaje? Ni jambo gani lililoonekana Ndola?
5. Kwa nini mlango wa mninga haukwami wakati wa mvua?
6. Kubandua gome kuuzunguka mti wote huuletea mti madhara gani?
7. Nenda pamoja na wenzako katika msitu ulio karibu, mhesabu mininga kwa daraja nne. Ni daraja lipi lililopungua? Jadilianeni sababu yake, kisha mwapelekee habari wazee wa kijiji.